Matoleo Kumi na Moja ya Shina la Lumbanrea

Simu iliita Alhamisi saa nne asubuhi, Dameria akimtolea mteja nakala za cheti cha ubatizo.

"Mama Kompyuta," ilisema sauti ya mtu asiyeamini kwamba simu hufikisha maneno bila kupigiwa kelele.

Alikuwa Babu wa Tionggur, mzee wa ukoo anayelima vitunguu huko juu, mbali na duka la Dameria mjini Balige. Dameria alikuwa na miaka hamsini na mmoja na hakuwahi kuolewa. Wenzake wote waliitwa kwa majina ya watoto wao; yeye hakuwa na mtoto, basi ukoo wa Lumbanrea, ambao alikuwa katibu wake kwa miaka kumi na tisa, ulimtafutia mmoja. Utani huo alishauzoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

"Nimesikia Jumapili mmetangaza kanisani," mzee akaendelea. "Mtoto wa Baba Togap anamwoa binti wa Hutarimbang."

"Ndiyo, babu. Lilikuwa tangazo la kwanza. La pili ni Jumapili hii, na harusi wiki inayofuata."

"Hutarimbang wa mlango gani?"

"Wa Mangambit, ng'ambo ya ziwa."

Dameria alisikia upepo ukipita kwenye simu, na mbwa akibweka mbali.

"Sisi na mlango huo tulikula kiapo," akasema hatimaye, na safari hii hakupiga kelele. "Hatuoani. Imeandikwa kwenye Shina, lile la mwaka themanini na saba, karibu na mwisho. Lifungue usome, kisha umwambie Baba Togap kabla ya Jumapili. Nikimwambia mimi atasema nimelewa."

"Umelewa, babu?"

"Kidogo. Lakini si kwa hilo."

Dameria alimkabidhi mteja karatasi zake, akageuza kibao cha mlangoni kikaonyesha duka limefungwa, akaketi mbele ya kompyuta. Maktaba ya ukoo ilikuwa humo. Vitabu mia tatu na arobaini, kila kimoja na jalada lake dogo, vimepangwa kama vikombe kabatini. Aliandika neno Shina. Likaja jalada moja, jekundu, na mnara wa ukumbusho wa ukoo ukiwaka jua. Lilikuwa toleo la mwaka elfu mbili na tisa. Alitafuta neno kiapo ndani yake, na programu ikamjibu kwamba halimo.

Hapo ndipo alipoelewa alichokuwa amefanya, na alikuwa amekifanya mwezi wa Januari huku akijisifu.

Shina la Lumbanrea ni kitabu cha nasaba: nani alimzaa nani, nani ni wa kizazi cha ngapi, nani amwite nani mjomba na nani amwite shemeji. Kilikuwa kimetolewa mara tatu. Toleo la kwanza lilipigwa taipu mwaka sitini na nane, la pili lilichapwa Medan mwaka themanini na saba, la tatu lilitengenezwa kwa rangi wakati wa sherehe ya kuzindua mnara. Ukoo ulipoamua kuweka vitabu vyake kwenye kompyuta, watu walimtumia Dameria walichokuwa nacho, na Shina lilimfikia mara kumi na moja. Moja lilipigwa picha kwa simu likaenda upogo. Moja halikuwa na jalada. Jingine kijana wa Jakarta alikuwa amelibadili lisomeke vizuri kwenye simu, na michoro yote ya nasaba ikapotea njiani. Kila lilipoingia, Dameria aliandika katika daftari lake: toleo gani, kutoka kwa nani, tarehe gani.

Watu wakaanza kulalamika. "Nikitafuta Shina napata kumi na moja. Nisome lipi, dada? Mimi nimezaliwa mara moja tu."

Basi Januari aliyachagua yote, akianza na lenye jalada zuri, akaiamuru programu iyaunganishe. Alidhani kuunganisha ni kama kutia bahasha kumi na moja katika jalada moja la ofisini, kila bahasha na chake. Sivyo. Yote yalikuwa faili za aina ileile, na programu haiweki faili mbili za aina moja chini ya jina moja. Ililibakiza lile lililochaguliwa kwanza, mengine ikayatupa. Kwa kawaida huuliza kabla ya kutupa, lakini Dameria alishachoka na maswali yake zamani, akatia alama kwenye kile kisanduku kidogo kisemacho usiniulize tena. Machi, nafasi ilipokuwa finyu, akamwaga na debe la taka la kompyuta.

Mkutano wa Februari ulimpigia makofi. "Sasa tuna kitabu kimoja, kama ukoo mmoja," alisema mwenyekiti, naye ndiye Baba Togap. Watu wakarudi nyumbani wakafuta nakala zao, maana simu hujaa na maktaba iko kwa Mama Kompyuta.

Dameria alikaa na duka limefungwa hadi saa sita. Alikuwa mzee wa kanisa, na mtu angemuuliza kama anaogopa laana za mababu angesema hapana. Lakini nyuma ya nyumba ya jirani yao wa utotoni palikuwa na makaburi matatu madogo, yamepangwa kama vidole. Mume na mke wa nyumba hiyo walikuwa wameoana kinyume cha kiapo cha koo zao mbili, wakijua. Hakuna mtoto wao aliyefika umri wa kuota meno. Dameria alipopita hapo akienda shule alikuwa akiziba mdomo kwa kiganja, asije akavuta hewa ya pale. Sasa alikuwa amekaa dukani mchana kweupe, na kiganja kilikuwa mdomoni.

Akisema bila ukurasa, angevunja uchumba wa watu wawili kwa neno la mzee aliyekiri kwamba amelewa kidogo. Akinyamaza, Jumapili jina la Mauli, yule binti wa Hutarimbang, lingesomwa mara ya pili, na baada ya hapo hakuna ambaye angeweza kupinga. Alifungua daftari.

Hakumjua mtu aliyebaki na kitabu chenyewe cha karatasi; waliomtumia toleo la themanini na saba walikuwa watatu. Mmoja alikuwa amekufa, na wanawe walimzika na kitabu chake kifuani. Wa pili alikuwa nesi huko Batam. Dameria alimwandikia, akajibiwa kwamba simu ile iliibiwa zamani, kwani kuna nini? Hakuna, akaandika Dameria. Wa tatu alikuwa Marolop, mwenye mgahawa wa kahawa karibu na soko.

Alikwenda Ijumaa asubuhi. Wanaume wanne walikuwa kwenye sataranji, wawili wakicheza na wawili wakiwatukana wanaocheza.

"Marolop, kaka yangu, lile Shina ulilonitumia, la zamani. Bado unalo?"

"Si ulisema liko maktaba?" Marolop alikuwa akifuta vikombe. "Nililifuta. Nilitaka nafasi ya video za majogoo wangu."

"Mama Kompyuta anakuja mgahawani kuuliza vitabu," alisema mmoja bila kuinua macho ubaoni. "Ndugu zangu, tubuni, mwisho umefika."

"Mwache. Labda mtoto amemtoroka," mwingine akadakia, na wote wakacheka.

Dameria naye alijitahidi kucheka. Marolop hakucheka. Alimtazama, akaweka kikombe chini. "Dada, mbona umepauka hivyo? Harusi ina nini?"

"Nimetaja harusi mimi?"

"Hujataja. Ndiyo maana nauliza."

Aliondoka bila kunywa kahawa, akijilaumu kwa swali lile alilojibu kwa swali. Mgahawani neno halihitaji miguu. Kabla ya jua kutua lingekuwa limevuka ziwa.

Jumamosi alfajiri ndipo alipofikia kurasa za nyuma za daftari, ambako alikuwa akiandika si vitabu vilivyoingia bali vilivyotoka: nani amewekewa nini kwenye chombo gani. Pasaka ya mwaka juzi: Mwalimu Sahat, tableti, Shina 1987, kwa sababu ya herufi kubwa.

Alikodi pikipiki hadi kwa mwalimu. Mzee huyo mstaafu, aliyebakiwa na nuru kidogo tu ya macho, alikuwa barazani akimenya karanga.

"Tableti? Iko chini ya redio. Ilizimika Krismasi, nikaona nayo imestaafu."

Umeme wa kijiji ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Wakakaa. Saa tatu ikapita, saa nne, saa tano. Mwalimu alimpa karanga, akamuuliza habari za watu ambao wengine walishakufa, naye Dameria akajibu yote bila kujua alichojibu. Hofu mpya ilikuwa imemwingia. Tableti ile ilikuwa imefungamanishwa na maktaba yake. Ikishika mtandao tu ingejilinganisha na kompyuta ya dukani, ingeona Shina ni moja, na lile la jalada jekundu, na ingelifuta la zamani bila kumuuliza mtu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeipanga hivyo, ili wazee wasihangaike.

"Mwalimu, mtandao unafika hapa?"

"Wa jirani. Unaingia bila hodi."

Umeme ulirudi saa saba na nusu. Kioo kiliwaka taratibu, kijivu, kisha bluu. Dameria alikuwa ameweka kidole chake tayari juu ya pale inapokaa alama ya ndege, ile inayokata mtandao. Alibonyeza, kidole chenye jasho kikateleza. Akabonyeza tena, kikateleza tena. Akakifuta kwenye sketi, akabonyeza mara ya tatu, na alama ikageuka.

"Mbona unapumua kama umepanda mlima?" Mwalimu akauliza.

"Nimeupanda, mwalimu."

Shina la themanini na saba lilikuwamo. Hakulisoma kwanza. Alitoa simu yake akapiga picha kurasa moja moja kuanzia nyuma kwenda mbele, na alipofika ukurasa wa mia moja tisini na sita ndipo aliposimama.

Katika mwaka wa njaa, iliandikwa, Lumbanrea na mlango wa Mangambit wa Hutarimbang walikula nyati mmoja, wakaapa: Tangu leo sisi ni tumbo moja. Binti yako ni binti yangu. Atakayemchukua dada yake kuwa mke, mpunga wake na uwe mchanga, na sauti ya mtoto isisikike nyumbani mwake. Chini yake palikuwa na mstari mmoja zaidi: Kilichofungwa na wawili kitafunguliwa na wawili, kwa maneno haya haya, bila kupungua neno.

Dameria aliusoma mara tatu. Kisha akaweka karanga alizokuwa nazo mkononi chini, moja moja.

Alifika kwa Baba Togap saa kumi. Nyumba ilikuwa imejaa. Mauli na mama yake walikuwa wamevuka ziwa kuja kupatana na Mama Togap juu ya mikeka, nani akae upande gani, na jikoni samaki walikuwa motoni. Baba Togap alimpeleka chumba cha nyuma, akafunga mlango, akasoma kwenye simu ya Dameria akiwa amesimama. Alisoma polepole. Alipomaliza alikuwa na kijasho juu ya mdomo.

"Nani mwingine ameona?"

"Mwalimu Sahat."

"Mwalimu haoni." Akamrudishia simu. "Sikiliza, dada. Mwaka ule wa mnara nilikuwa kwenye kamati. Sura hii tuliitoa sisi. Watu walitaka kusoma sifa, nani asafiri kutoka Jakarta aje kusoma laana? Nikasahau. Nakuapia nilisahau ni mlango gani."

"Usiape, kaka."

Baba Togap alizoea kuzungumza na watu mia nane bila kipaza sauti, lakini sasa alikuwa akinong'ona. "Kitabu cha ukoo ni kipi? Ni kile ulichotuonyesha Februari. Wewe ndiye uliyetwambia kimekuwa kimoja. Tukakupigia makofi."

"Nilikosea. Sikuyaunganisha, niliyafuta."

"Basi kilichofutwa kiache kifutike. Unataka kusimama mbele ya ukoo useme katibu wao wa miaka kumi na tisa amewatupia vitabu vyao kwenye taka? Watakuita nini tena hapo?"

Hilo lilimchoma, naye Baba Togap alijua litamchoma. Dameria alitazama picha kwenye simu yake. Kikopo cha taka kilikuwa pale chini pembeni, kidogo, na kidole gumba chake kilikuwa tayari karibu nacho. Mguso mmoja tu. Mwalimu haoni, Babu wa Tionggur amelewa, na tableti ikirudishiwa mtandao itamalizia kazi yenyewe. Hakuna ambaye angejua alichokifanya Januari. Alishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi, na wepesi ule ulimtisha kuliko kiapo.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Mauli na sinia la chai. Mama Togap alikuwa amemwambia shangazi amekuja na hajapewa kitu.

"Shangazi, karibu chai." Aliwatazama wote wawili. "Kuna msiba?"

"Hakuna. Weka hapo uende, mwanangu," alisema Baba Togap.

Binti aliinama kuweka sinia. Alikuwa mwembamba, shingo ndefu, na mkononi alikuwa na alama za wino wa kalamu. Alikuwa ameandika orodha ya mikeka. Dameria alimwona mtu mwenye miaka ishirini na sita ambaye nyuma ya nyumba yake kuna nafasi tupu ya ardhi, ya kutosha makaburi madogo.

"Kaa, mama," akasema. "Hiki kinakuhusu wewe kuliko sisi."

"Dada," Baba Togap akasema.

Dameria alisoma. Aliyasoma yote, hata maneno ya mtoto. Kisha, kabla ujasiri haujamtoka, akaeleza na alivyofuta yale matoleo, kwa maneno machache, kama anavyoandika daftarini.

Mauli hakulia. Alikuwa ameshika ukingo wa sinia kana kwamba litaelea. "Mstari wa mwisho," akasema. "Rudia."

"Kilichofungwa na wawili kitafunguliwa na wawili, kwa maneno haya haya, bila kupungua neno."

"Na maneno yapo yote? Hakuna lililokatika kwenye picha?"

"Yapo yote."

"Babu yangu husema kwetu kulikuwa na kiapo na watu fulani wa upande huu, lakini karatasi ziliungua pamoja na nyumba. Hajui ni watu gani wala maneno gani." Alimgeukia Baba Togap, akainamisha kichwa kwa heshima, lakini sauti haikuinama. "Baba, mimi siwezi kuzaa huku nikisikiliza kama sauti ya mtoto itakatika. Kama mnaweza kukifungua, kifungueni, nitasubiri. Kama hamwezi, nirudisheni kwetu leo."

Akatoka kumwita mama yake. Baba Togap aliketi kitandani, akaitazama chai.

Simu ilipigwa ng'ambo ya ziwa. Babu wa Mauli alisomewa maneno, akaomba yarudiwe, kisha akasema baada ya mavuno wazee wa pande mbili waketi, achinjwe nyati, na wasome pamoja. Zaidi ya hapo hawezi kuahidi, hajawahi kuona kiapo kikifunguliwa, amesikia tu. Baba Togap alisema ndiyo, ndiyo, mzee. Hakusema kama angeyaondoa majina kanisani. Dameria hakuthubutu kumuuliza.

Ndiyo maana Jumapili alikaa mwisho wa benchi, karibu na njia, simu mapajani. Alikuwa ameamua kwamba majina yakisomwa atasimama. Mbele ya kanisa zima angesimama na kusema, na kila alipojaribu kupanga neno la kwanza, lilimtoroka. Mhubiri alisoma habari za wagonjwa. Alisoma za kwaya ya akina mama. Akageuza karatasi, akasoma ndoa ya kwanza, ya watu wa Laguboti, akakohoa. Dameria alikuwa ameshainua makalio kutoka kwenye benchi, kiasi cha upana wa vidole viwili.

"Mchango wa paa," mhubiri akasema.

Minong'ono ikapita katika kanisa kama upepo kwenye mpunga. Vichwa viligeuka kwa Baba Togap, ambaye alitazama msalaba tu. Dameria alirudi chini.

Nje, watu walimpita mbali kidogo, kama mtu mwenye homa. Ni Mama Togap peke yake aliyemjia, na kitambaa chake cha kanisani begani. Macho yalikuwa yamevimba.

"Umetuaibisha, wifi."

"Ndiyo, wifi."

"Ukurasa huo umeuweka mahali pangapi?"

"Mahali patano. Kompyuta ya dukani, na mwaka wake umeandikwa kwenye jina. Simu yangu, simu ya Mauli, tableti ya mwalimu, na nimeutoa kwenye karatasi."

Mama Togap alifikiri, akitazama ziwa. Mavuno yalikuwa bado miezi mitatu.

"Ongeza," akasema.